Kutwaliwa kwa Sarafu Nyembamba

Ilikuwa Jumanne, saa nne kasoro robo asubuhi, na manyunyu yalikuwa yakidondoka bila haraka. Sogeeni, basi, enyi mlioketi nanyi mlio wima. Acheni vikombe vipoe na redio zinyamaze, mpate kusikia jinsi Fundi Jicho, mtengeneza saa mstaafu, mwenye subira ya miaka na mgongo wa kuinama, alivyotoka nyumbani kufuata suruali moja akarudi na ushindi.

Lakabu yake aliipata kwa lenzi aliyoivaa jichoni miaka thelathini. Alipostaafu, aliielekeza lenzi hiyo kwenye sarafu. Sarafu zilizo sawa hazikumhusu. Hizo aliwaachia wenye haja ya kununua vitu. Yeye alitafuta zilizokosewa kiwandani: iliyopigwa mhuri mara mbili, iliyosahauliwa mwaka, iliyomegeka ukingoni kama biskuti. Albamu yake ilikuwa na matundu saba. Sita yalijaa. La saba aliliwekea sarafu iliyopigwa kwenye bamba jembamba kuliko kawaida, nalo lilibaki tupu miaka kumi na mmoja, likimkodolea macho kila asubuhi kama pengo la jino.

Akaingia dukani kwa mshonaji, dada mkubwa wa mkewe, malkia wa pindo, mtawala wa cherehani nyeusi. Kando yake mteja mmoja alisubiri gauni la kijani.

"Shemeji, mguu wa kushoto bado," alisema mshonaji. "Kaa. Nasafisha mashine kwanza, imejaa manyoya ya nyuzi."

Akatia mkono katika kopo la vifungo, akatoa sarafu, akaichomeka katika mfuo wa kichwa cha skrubu, akazungusha mara mbili. Skrubu ikatoka.

Hapo ndipo moyo wa shujaa ulipopiga kama saa kumi na mbili zilizogonga kwa pamoja. Kwa maana yeye, aliyefungua skrubu nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwake, alijua kwamba katika mfuo ule mwembamba hakuna sarafu ya aina ile, tangu ya kwanza kutoka kiwandani hadi ya mwisho, iliyopaswa kuingia.

"Hiyo umeitoa wapi?" aliuliza.

"Chenji ya nyuzi. Ndiyo bisibisi yangu."

Fundi Jicho alivua kofia. "Shemeji, mimi niliingia nyumbani kwa wazazi wako kwa mlango wa mbele, na tangu nilipoomba mke sijaomba kitu kingine humo. Leo naomba mara ya pili. Nipe hiyo sarafu."

"Mke tulikupa," alisema mshonaji. "Sarafu hapana."

"Nitakupa kumi kama hiyo."

"Hata mia. Haziingii."

Angeweza kunyamaza juu ya thamani yake. Hakunyamaza, na hilo liandikwe. Alimweleza kwamba ilikosewa kiwandani, kwamba wapo watu wangeilipia fedha nzuri, na kwamba yeye ameitafuta miaka kumi na mmoja.

"Hao watu watakuja kunifungulia mashine?" aliuliza mshonaji. "Nilikuwa na bisibisi nne. Zote ziliazimwa, hakuna iliyorudi. Hii haiazimwi, kwa sababu hakuna anayejua kuwa ni bisibisi. Halafu usijisumbue bure. Niliisugua mwenyewe kwenye jiwe ili iingie."

Fundi Jicho akaketi. Sarafu iliyosuguliwa si kosa la kiwanda. Ni chuma kilichokonda.

"Baba," alisema mteja, "umekalia gauni langu."

Akainuka. Akatoa lenzi mfukoni, akaivaa, akaomba aitazame tu, mkononi mwa mwenyewe. Mshonaji akanyoosha kiganja. Mvua nje ikapunguza sauti. Herufi zilisimama pande zote mbili, na vijino vya ukingo vilikuwa kamili. Jiwe halina adabu hiyo. Jiwe lingeanza na herufi.

"Haijasuguliwa," alisema.

"Nilitaka kuona utafika wapi," alisema mshonaji. "Umefika kwenye gauni la mteja."

Basi Fundi Jicho akatoka mbio, kama mbio zinavyowezekana kwa magoti yale, akavuka mitaa miwili yenye madimbwi, akafika nyumbani.

"Suruali iko wapi?" aliuliza mkewe.

"Bado tuko kwenye mazungumzo," alijibu, akafungua sanduku la kazi. Vifaa vyote vya saa ndogo alikwisha kuviuza. Ilibaki bisibisi moja, ya saa za ukutani, mpini wake wa mti umechimbika mahali pa kidole gumba chake. Hakuwahi kumwazima mtu. Aliishika kwa muda, kisha akarudi mvuani.

Mshonaji aliijaribu kwenye skrubu. Ikaingia, ikazunguka, haikuteleza.

"Nzuri," alisema. "Lakini nina sharti. Hutakuja kuiazima. Hata siku moja. Mama, wewe ni shahidi."

"Nimesikia," alisema mteja. "Na gauni langu?"

Fundi Jicho aliutazama ule mpini. "Sitaiazima," alisema.

"Haya. Ngoja niifute sarafu kidogo, ina mafuta." Mshonaji akakamata kitambaa.

Hapo shujaa alinyoosha mkono, jeshi la mtu mmoja, na kuushika mkono wa shemeji yake hewani. Kwani sarafu iliyong'arishwa, kwa watu wa kazi hii, ni kama imechunwa ngozi.

"Usifute, shemeji. Nakusihi. Naipenda na uchafu wake."

"Mdogo wangu ana kazi," alisema mshonaji, akamwachia.

Saa sita na dakika kumi, mvua ikiwa imekatika, tundu la saba lilizibwa. Ijulikane kwa vizazi kwamba alilizibia palepale, kwenye meza ya chakula, akiwa amesimama, viatu vikiwa vimelowa.

Mteja alichukua gauni lake likiwa limepigwa pasi mara ya pili. Mshonaji alimaliza mguu wa kushoto, akaifunga bisibisi kwenye cherehani kwa utepe. Fundi Jicho alirudi saa tisa kuchukua suruali aliyoisahau, wala hakuutazama utepe. Jioni mkewe aliomba bisibisi, akaze skrubu ya bawaba ya kabati. Mume aliitazama albamu kwa muda mrefu, kisha akaifunga.

Kabati hilo, mpaka leo, linafungwa kwa kamba.