Sare za Saizi ya Kati

Jumatatu, 3 Machi

Nimezaliwa upya! Jumamosi na Jumapili nzima nimesoma kuhusu uongozi wa biashara, mume wangu akijipikia. Kumbe kosa langu miaka yote ni kuamua peke yangu. Bosi wa kisasa hushirikisha watu. Mabosi wababe, wale wa kuamrisha tu, kuanzia leo nimewatangazia vita.

Na jambo la kuamua lipo. Matroni wa hospitali anataka sare mpya za wauguzi wote. Ijumaa atakuja kujaribu za mwanzo. Zikimpendeza, kazi yetu. Zisipompendeza, atavuka barabara hadi kwa wifi yangu, aliyefungua ushonaji wake mkabala na mlango wangu. Makusudi! Bila kazi hii, karakana yangu haitauona mwaka mpya.

Nikaitisha kikao wakati wa chai. Pendekezo langu: kupima mtu mmoja mmoja ni kupoteza muda. Tushone zote saizi ya kati. Nikauliza nani anapinga. Mkasi, fundi wangu wa kukata, akatazama dari, akasema haya. Mama Vifungo, anayemalizia pindo na vifungo, akasema haya, bosi. Wote wameafiki! Bunge gani limewahi kuelewana kabla chai haijapoa?

Jumanne, 4 Machi

Mkasi ameanza ukorofi. Eti muuguzi akiwa mnene, je? Nikamwambia mjadala umefungwa, alisema haya mbele ya shahidi. Akadai ile haikuwa haya ya kukubali, ilikuwa haya ya kuchoka. Nikamuuliza tangu lini haya zikawa na aina. Haya ni haya! Akaguna, akashika mkasi. Hukata vizuri zaidi akinuna. Hilo nalo ni uongozi.

Jioni nikamweleza mume wangu mpango wote, kuanzia tunakula hadi vyombo vinaoshwa. Akasema haya, akaongeza sauti ya redio. Haya ya tatu hiyo.

Jumatano, 5 Machi

Nimecheka hadi mbavu zikauma. Wifi ameshinda hospitalini na futi yake shingoni, anapima wauguzi viuno! Mmoja mmoja! Watu wengine wamebaki zama za mawe.

Aliporudi akaniita kutoka ng'ambo ya barabara: wifi yangu, mbona sijakuona kule, umeshapima? Nikamjibu kwa sauti, mtaa mzima usikie, kwamba uongozi wa kisasa haupimi, unaamua. Akanitazama kidogo. Akasema haya, wifi.

Hata adui ameafiki!

Ijumaa, 7 Machi

Matroni amekuja na wauguzi wawili. Sikuwahi kumwona. Ni mama mpana, Mungu kamjalia. Akaingia kwenye sare kwa kichwa na mikono, na hapo ndipo safari ilipoishia. Mikono juu, uso ndani, sauti ikitoka kifuani mwa gauni ikiuliza mlango uko wapi. Tukamvuta, mimi mbele, Mama Vifungo nyuma. Wapi! Ikabidi Mkasi aikate sare atoke. Alikata akitabasamu, nilimwona.

Muuguzi wa kwanza, mwembamba, aliivaa yake bila shida. Alipogeuka, gauni lilibaki linatazama mbele. Wa pili ilimkaa sawasawa. Hakuna aliyemsifu! Hivi ndivyo watu wanavyopenda kuona mabaya tu.

Matroni akauliza, nywele timtim, ni nani aliyeamua upuuzi huu. Mimi ni kiongozi wa kisasa, sijitwalii sifa peke yangu. Nikawanyooshea mkono wafanyakazi wangu: tuliamua wote.

Mkasi akaweka mkasi mezani. Akanigeukia, akasema, mama, wewe huna haya.

Uongo mtupu! Nikamwambia ninazo nne, nikawataja wenyewe: yeye, Mama Vifungo, mume wangu na wifi. Wauguzi wakashikana mabega kwa kicheko. Matroni akavuka barabara bila kuaga, kipande cha kola yangu bado kimemning'inia shingoni.

Jumamosi, 8 Machi

Mkasi amehamia kwa wifi. Namwona dirishani akikata sare za wauguzi, safari hii bila kununa. Mume wangu kasema ningemsikiliza Mkasi. Nikamwambia nilimsikiliza vizuri sana, alisema haya!

Jumatatu, 10 Machi

Nimegundua tatizo. Ni lile neno. Lina ukungu, linaficha wanafiki. Nimelipiga marufuku karakanani. Kuanzia leo hapa ni ndiyo au hapana, na anayetaka hapana aniandikie barua ya kuacha kazi kabisa, tusichoshane.

Nikaitisha kikao. Mama Vifungo akaja, mkoba tayari begani, jicho ng'ambo ya barabara. Pendekezo langu: tushone kaptula za shule, watoto wote, saizi ya kati. Watoto wanakua, zitawakuta njiani. Nikauliza nani anapinga.

Akasema ndiyo, bosi.

Wote tumeafiki. Na safari hii hakuna hata wa kuguna!