Maji Mengi Hakushindwa, Alikufa

Idsowe, Garsen

Kwa Mwinjilisti Mwaro,
Msimamizi wa kundi la kanisa kule Fesibuku.

Mwinjilisti,

Mke wangu Mbodze amekufa. Hilo wajua, ulimzika. Lakini kuna kitu hujui. Maji Mengi pia amekufa, siku hiyo hiyo, kitanda hicho hicho, homa hiyo hiyo. Ni mtu mmoja.

Nimejua juzi tu. Binti yetu Christine alifungua simu ya mamake kutafuta picha nzuri. Akakuta hilo jina. Ndiye huyo Maji Mengi ambaye mwaka mzima amewasumbua huko kundini, ati ubatizo ni kuzamishwa mtoni mwili mzima, na anayenyunyiziwa kichwani amelowa tu. Kumbe ni Mbodze wa kwaya, sauti ya pili. Hakuandika kwa jina lake kwa sababu mngemwambia mama wa kwaya hafundishi mtu, aimbe.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne. Naandika kwa karatasi kwa sababu huko kundini simwamini mtu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Umeandika kwamba Maji Mengi amenyamaza siku ishirini na moja, kwa hivyo ameshindwa, mjadala umefungwa, mshindi ni Matone Matatu, yule asiyetaka mto. Na Jumapili utaisoma hukumu hiyo mbele ya kanisa. Mwinjilisti, wiki mbili alikuwa mgonjwa, wiki moja yuko kaburini. Hesabu yako ni sawa, maana yake ndiyo mbovu. Mtu aliyezikwa hajanyamaza kwa kushindwa. Hata mbuzi akifa husemi ameshindwa na kamba.

2. Siku ya mazishi ulibeba jeneza. Ulikuwa upande wa miguu. Ukala wali wetu, sahani mbili. Jioni hiyo hiyo ukaandika, "Maji Mengi uko wapi? Umekimbia?" Hakukimbia. Wewe ndiye uliyempeleka. Watu thelathini na wanne wakaweka kile kikatuni cha kucheka mpaka machozi. Wengine wao bado walikuwa na udongo wa kaburi kwa viatu. Nataka kila mmoja aondoe kicheko chake, mmoja mmoja.

3. Huyu Matone Matatu. Anaandika vizuri kidogo, hilo nakubali. Aliposema Yordani ni Yordani na Tana ni Tana, na kwamba kubatiza mtu mmoja hapa kwataka mchungaji mmoja na wanaume sita wa kupiga maji na fimbo kufukuza mamba, alisema kweli. Mwaka jana tulifanya hivyo na fimbo moja ikampata anayebatizwa. Alipouliza gharika ilikuwa maji mengi vile, ilimbatiza nani, hapo pia niliona ana akili. Lakini alimwambia mke wa mtu, "Kichwa chako ni kibuyu kitupu, hata ukizamishwa kitaelea." Mke wa mtu! Mbodze akamjibu, "Na chako ni jiwe, ndio maana waogopa kuzama." Alijibu vizuri, lakini si kitu cha kumtukania mama wa watoto.

Na jina lake la kweli hakuna. Mwanamume mzima amejificha nyuma ya matone. Nataka atolewe kundini. Nataka asimame mbele ya kanisa aonekane sura. Halafu aingizwe mtoni mpaka shingo, muimbe wimbo mzima bila kuruka ubeti, na wanaume wa fimbo wapumzike siku hiyo. Mkitaka kumtafuta, piteni nyumba kwa nyumba. Msianze na kwangu. Mimi ni mfiwa.

4. Hili nimelifikiria nikiwa nimekaa matangani. Nyinyi mwabishana jambo la mbinguni na hakuna hata mmoja aliyefika. Mbodze amefika. Katika kundi zima, saa hii ni yeye peke yake anayeweza kuuliza na akajibiwa. Basi yeye ndiye mshindi, mpaka mwingine aende akaulize, arudi na jibu tofauti. Anayepinga aanze safari. Ukitaka kwenda wewe, Mwinjilisti, nitabeba upande wa miguu.

5. Jirani yangu Abdulsalam, yule mfugaji, alileta maziwa ya matanga. Nikamweleza ugomvi wetu. Akaniambia, "Ngala, sisi Waislamu twatawadha mara tano kwa siku na hatugombani. Nyinyi maji ya mara moja tu maisha yote, mwatoana macho?" Hili si lalamiko. Nimeliweka hapa kwa sababu latuaibisha.

6. Sasa ombi. Kanisa likitaka kunyunyizia watu, linyunyizie. Lakini Jumapili usisome kwamba ameshindwa. Mbodze ameimba kwaya miaka kumi na tisa. Kila mwaka mwasoma majina ya kushukuriwa, lake halijasomwa hata siku moja. Najua utasoma Maji Mengi, hutasoma Mbodze. Watu wengine watasikia Maji Mengi. Mimi na Christine tutakuwa tumekaa pale, na tutasikia Mbodze ameshindwa.

Nisalimie mkeo. Nisalimie wazee wa kanisa, na sauti ya pili ambayo sasa imebaki na watu watatu na mmoja ana kikohozi. Wale thelathini na wanne wasalimie wakishaondoa kicheko.

Ni mimi, na heshima yote niliyobaki nayo,

Ngala, mume wa Mbodze.

Neno nimelibakisha: Usimtafute Matone Matatu. Ni mimi.

Mbodze aliponiambia nyumbani kwamba ataka kubatizwa upya, mtoni, nilisema sawa. Yeye siwezi kubishana naye, anashinda. Nikaenda kubishana huko kwenu na watu nisiowajua. Sikuwa na fundisho lolote. Nilikuwa naogopa mamba. Yeye hajui kuogelea, na pale mnapobatiza, mbuzi wetu wawili walichukuliwa na mamba nikiona. Sasa homa imemchukua kitandani, mahali pakavu.

Jana Christine alinisomea majibu yake ya zamani. Moja nilikuwa nimelisahau. Maji Mengi alimwandikia Matone Matatu, "Ndugu, weka simu chini, chai yako yapoa." Kundini watu walicheka. Mimi siku hiyo nilitazama kikombe, nikashangaa mtu wa mbali amejuaje, nikanywa.

Kwa hivyo huo ushindi siutaki. Kama ni lazima usome kitu Jumapili, soma kwamba Matone Matatu amekubali. Ile adhabu ya mtoni nitaingia, lakini wanaume wa fimbo wawepo. Nijibu mapema, na ujumbe umpe Christine. Mimi kesho narudi kazini.