Jiwe Langu Linakataa Kuvimba

Jumatatu, 3 Machi
Nimekabidhiwa jiwe! Maabara yetu ya Zone Industrielle imeletewa vipande viwili kutoka mlima utakaochimbwa tuneli. Kimoja changu, kimoja cha Rachid. Injinia Danielle anasema jiwe la aina hii huvimba. Jiwe! Kama maandazi? Sisi tusome mshale wa kipimo cha uvimbe kila asubuhi. Yeye atengeneze modeli kwenye kompyuta, ijulikane tuneli itabanwa kiasi gani. Alieleza na mengine. Mimi nilikuwa nawaza cheo. Chef, mkuu wa maabara, anastaafu, na Rachid anakitaka kiti chake.

Jumanne, 4 Machi
Mshale wa Rachid umesogea. Wangu wapi! Nimelipiga jiwe kofi. Bure.

Jumatano, 5 Machi
Bado sifuri. Wataniona mvivu. Danielle alipokwenda kula aliacha kompyuta wazi: modeli ya wiki nzima, aliyoikisia akisubiri vipimo vyetu. Nimenakili tarakimu zote. Mbili nikazigeuza kidogo, zionekane za kweli. Akili!

Alhamisi, 6 Machi
Bosi Massoudi amenipa mkono mbele ya watu! Namba zangu zinakubaliana na modeli. Za Rachid ni mara nne. Bosi amesema Rachid hajui kusoma mshale, na ukuta wa zege wa tuneli uwe mwembamba. Danielle hakufurahi. Modeli yake imeshinda na hafurahi! Ameuliza: kama Rachid ndiye sahihi, nani atakuwa mle ndani siku ukuta utakapopasuka? Nikacheka.

Ijumaa, 7 Machi
Wamekuja wote watatu: bosi, Danielle na Rachid. Danielle akainua kitambaa kilichofunika jiwe langu. Bakuli la jiwe langu kavu; buibui amehamia. "Népomuscène, mayi iko wapi?" Nikauliza maji gani. "We mutu! Jiwe inavimba kama inakunywa mayi. Si nilikuambia lundi, siku ya kwanza?" Nikasema labda buibui ameyanywa. Ukuta utakuwa mnene. Modeli inaanza upya kwa namba za Rachid. Cheo pia cha Rachid. Sielewi hata kidogo.

Jumatatu, 10 Machi
Nimehamishiwa kwenye mchanga. Kazi: kuukausha kwenye tanuri, kisha kuupima uzito. Rachid ameniambia taratibu, kama anayeongea na mtoto, kwamba ukauke kabisa. Namwonea huruma, hajui mimi hujifunza haraka. Alipotoka tu, kila sinia nimeimwagia ndoo nzima ya maji. Safari hii hawanipati!