Sababu Zangu Nne za Kukataa Chanjo ya Homa ya Ini

Kwako Sista Mkuu wa Wodi ya Upasuaji,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa Mzee Tambara, mfuta damu wako wa miaka kumi na tisa. Uniwie radhi kwa mwandiko, leo umekuwa kama wa mtoto wa chekechea.

Nimeliona jina langu kwenye ubao wa matangazo, la kwanza kabisa, katika orodha ya watakaochanjwa homa ya ini aina ya B. Nakuomba kwa unyenyekevu ulifute. Sababu ni hizi:

1. Damu na mimi tunaheshimiana. Nimeifuta sakafuni, ukutani, chini ya vitanda, na siku moja kwenye feni. Haijawahi kunivunjia heshima.

2. Mwalimu wa semina alisema kirusi hiki hukaa hai siku saba kwenye damu iliyokauka. Sista, mimi napiga deki mara tatu kwa siku! Kirusi wa siku saba nitakutana naye wapi? Labda nyuma ya lile kabati lisilosogezeka, ambako mwenzangu wa ndoo aliwahi kuingiza mkono. Sasa yuko nyumbani, macho yamegeuka manjano. Nimemkumbuka mno, deki bila utani wake haiishi. Lakini hayo ni yake.

3. Glavu ninazo. Ni za saizi ya bibi harusi, na mikono yangu ni ya mpasua kuni, kwa hiyo zikipasuka navaa nyingine juu, nazo zinapasukia kwingine. Ukijumlisha, vidole vinane kati ya kumi viko salama. Hizo ni alama za kufaulu shule yoyote.

4. Hapa ndipo panaponiudhi. Mnasema chanjo itanikinga nikichomwa na sindano zilizotumika. Halafu mnataka mnichome mara tatu! Miaka kumi na tisa nimechomwa mara moja tu. Nani hapo ni wa hatari? Na usisikilize uvumi kwamba naogopa sindano. Siku ile nilianguka mlangoni pa chumba cha chanjo kwa sababu ya utelezi.

Basi napendekeza dozi zangu tatu achomwe mkuu wa stoo. Yeye ndiye hutusainia glavu nene na mabuti tusiyoyaona, tukahesabiwa tumepokea. Atupokelee na hili, kwa bega lake mwenyewe.

Nisalimie wauguzi wote, mama wa kufua mashuka na mlinzi wa getini. Mama watoto anakusalimu pia. Nashuku ndiye aliyekuomba uniweke wa kwanza.

Mtiifu wako mwenye vidole vinane,
Mzee Tambara

Nyongeza: Hiyo mara moja ni leo, saa nne asubuhi. Sindano ilikuwa imeviringishwa kwenye shuka la kitanda cha tatu, ikanipata kidole cha tisa. Nimekiosha kwa sabuni na maji mengi, ndiyo maana naandika kwa mkono wa kushoto. Yote niliyoandika juu ni ya kujipa moyo, na moyo haukuja. Naogopa, Sista. Jina usilifute. Niko kwenye benchi nje ya mlango wako, nimekunja shati mpaka begani. Nikianguka tena, nichomeni hapo hapo sakafuni. Ni safi, nimeipiga deki mwenyewe.