Miaka Sitini na Miwili

Jumatatu, 4 Agosti

Mama watoto amemimina chai pembeni ya kikombe. Mara ya tatu wiki hii. Jicho la kushoto lilipofuka zamani. Sasa na la kulia lina ukungu. Muuguzi wa zahanati anasema ni mtoto wa jicho, na madaktari wa macho watafika hospitali ya wilaya mwisho wa mwezi. Watapasua wenye bima tu. Hatuna bima. Mwisho wa kujiandikisha katika mfuko wa bima wa kijiji ni Ijumaa.

Ningejiandikisha leo hii. Lakini katibu wa mfuko ni Fundi Cherehani. Tulitoka mji mmoja, tukakimbia alfajiri moja, na kwa miaka thelathini na moja ya ugenini hajachoka kunikumbusha kwamba yeye alikimbia na cherehani, mimi na kamusi. Nisimame mbele ya meza yake pale zahanati, aniulize jina langu kana kwamba halijui? Lazima kuna bima nyingine.

Mama watoto ameuliza ninaandika nini. Nimemwambia hesabu ya kuku.

Jumanne, 5 Agosti

Ipo. Wakala wa kampuni ya bima amefika leo, mama mmoja mwenye viatu visivyojua tope. Kadi yao inang'aa kama kijiko cha wageni. Kasoro ni moja: hawapokei aliyepita miaka sitini na mitano. Mimi nina sabini na miwili.

Ila nani atathibitisha? Cheti changu kilibaki katika nyumba ambayo nasikia haina tena paa. Karani aliyetuandikisha kambini aliwapa watu wote tarehe mosi Januari. Foleni nzima tulizaliwa siku moja. Mama aliniambia tu kwamba nilizaliwa wiki ile kisima cha mtaani kilipojengewa ukuta. Kisima huenda kipo bado. Wa kuulizwa hayupo.

Basi umri ni mali yangu, tena mali pekee niliyotoka nayo mbali na kamusi. Mwenye mali hupunguza atakavyo. Sitini na miwili inanitosha.

Jumatano, 6 Agosti

Maandalizi: nywele nimepaka piko, nyeusi kama sufuria ya shule. Fimbo nimeificha nyuma ya pipa la maji. Miwani mfukoni, maana ndiyo inayozeesha.

Wakala aliniita kaka. Moyo ukanenepa.

Akaniuliza mtoto wa kwanza ana miaka mingapi. Nikasema hamsini, kwa kujisahau. Alihesabu kwa vidole, akasema basi kaka alianza mapema. Halafu akaandika hivyo hivyo. Alisema kompyuta haina tabia ya kuuliza.

Ukurasa wa mwisho wa kijitabu una herufi ndogo kama sisimizi. Bila miwani sikuona kitu. Nikampa mama watoto anisomee. Alisema kusoma hawezi, ila anaweza kunishikia. Tukaushika wote wawili, huku na huku, kama watu wanaoanika shuka. Nikatia saini. Nilitunza maktaba ya vitabu elfu nne. Kijitabu cha kurasa kumi na mbili kinishinde?

Alhamisi, 7 Agosti

Nilipita kwa Fundi kwa bahati mbaya, nikiwa nimeshika kadi kwa bahati mbaya. Alivaa miwani, akaanza na ukurasa wa mwisho. Mtu asiye na adabu ya kusoma. Hospitali zao ni tatu, ya karibu ni safari ya siku moja na nusu. Macho hayatibiwi mwaka wa kwanza.

Akasema kadi ni nzuri, itafaa kukwangulia ukoko. Kisha akataka kujua: ikiwa nina sitini na miwili, na tulikaa dawati moja darasa la kwanza, ina maana nilianza shule miaka mitatu kabla ya kuzaliwa? Alisema sasa anaelewa kwa nini hesabu zilinipiga chenga.

Nilimjibu kwamba hayo yote nilikuwa nayajua. Sikuwa nayajua. Nyumbani sijasema kitu.

Ijumaa, 8 Agosti

Mpango: Fundi akienda kula, niingie zahanati, muuguzi aniandikishe. Nilijibanza nyuma ya ukuta toka saa tano. Fundi hakwenda kula. Alikuja na chakula chake, akala punje moja moja. Jua likawaka. Piko ikanitiririka hadi kwenye kola. Saa tisa nilijiambia niingie tu, aseme atakavyosema. Saa tisa na nusu nilijiambia tena.

Saa kumi walifunga. Nilifika mlangoni saa kumi na dakika tano.

Nimerudi polepole, bila fimbo. Mama watoto alikuwa jikoni akipapasa rafu kutafuta chumvi. Ilikuwa mbele yake. Nikamwekea mkononi, nikatoka nje. Jicho la mtu nimelipima na kiburi changu, kiburi kikawa kizito zaidi.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi nilimweleza yote. Alisikiliza, akaingia ndani, akarudi na karatasi ya mfuko wa kijiji. Alikwenda Jumatatu ile ile, ameshika ukuta njia nzima. Mkuu wa kaya: yeye. Mtegemezi: mume, miaka sabini na miwili. Shahidi wa umri: Fundi Cherehani.

Nikauliza kwa nini aliniacha nihangaike. Alisema miaka yote hii amejifunza kwamba mimi nikiwa na mpango, kazi za nyumba huenda vizuri.

Fundi naye alijua. Anadai kofia yangu ilionekana juu ya ukuta mchana kutwa, ndiyo maana alikula taratibu.

Ijumaa, 29 Agosti

Jana walimpasua. Leo tulingoja kwenye benchi wamfungue bandeji. Fundi alikuja bila kualikwa, akakaa karibu yangu. Alisema ukuta wa kile kisima cha mtaani kwetu aliujenga baba yake, na mwaka aliuchora kwenye saruji kwa kidole. Akautaja. Nikahesabu mara mbili. Nina sabini na mitatu. Nimemzidi.

Nikamwambia basi tangu leo namdai shikamoo zangu zote za nyuma. Aligeukia dirisha. Kisha akasema shikamoo, kwa sauti ndogo. Nikaitikia marahaba.

Mama watoto alitoka, akanikazia macho. Alisema hakujua kwamba nimezeeka hivi. Na kwamba nyusi nilisahau kuzipaka.

Jumatatu, 1 Septemba

Tangazo zahanati: wenye miaka themanini na zaidi hawachangii mfuko, wala hawapangi foleni.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kosa langu lilikuwa kupunguza. Umri unatakiwa kuongezwa. Saruji hupukutika, tarakimu ikasomeka vingine. Fundi akinishuhudia, na yeye atapanda hadi sabini na tisa, atakubali. Nimeanza kuinama. Piko naikwangua kwa ndimu.

Mama watoto yuko mlangoni, hatua kumi kutoka hapa. Ameuliza ninaandika nini. Nimemwambia hesabu ya kuku.

Amesema kuku hawafikishi miaka themanini.