Natafuta Wakili Mwenye Mdomo

Jumatatu, 6 Oktoba

"Papa Teta haongeake na muntu, anahubiria muntu." Ndivyo mke wangu Concessa alivyomwambia dada yangu Uwimbabazi, kabla ya kubeba nguo zake na kwenda na binti yetu Teta kwa mama yake, Mibirizi. Uongo mtupu! Mhubiri ana waumini. Mimi nilikuwa na wasikilizaji wawili, na mmoja ana simu masikioni tangu aingie sekondari.

Sasa Concessa anaomba talaka. Sitaki talaka. Nataka arudi. Ila arudi akikubali kwamba nilikuwa na haki. Hapo ndipo anapohitajika wakili.

Nimeanza na Maître Umurerwa, hapa Kamembe. Akaniuliza kama nataka kushinda au nataka mke. Swali la kitoto! Nikamfafanulia, kuanzia ndoa za Warumi. Nilipofika kwa Wabelgiji alikuwa amesimama, ameshika kitasa. Mlango akanifungulia mwenyewe. Heshima hiyo sikuiomba.

Jumatano, 8 Oktoba

Wakili wa pili, mzee Ndayambaje. Alinisikiliza amefumba macho. Nikadhani anatafakari. Nilipomrekebisha anavyoisoma sheria ya familia, alifumbua jicho moja, akauliza: "Papa, unatafuta avoka ao unatafuta mwanafunzi?" Nikamjibu kwamba tofauti ni ndogo. Kumbe ni kubwa. Mlinzi akanisindikiza hadi barabarani.

Nimechoka. Nimekula ndizi za jana, baridi. Nyumba hii ikiamua kunyamaza, inanyamaza kweli.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimempata! Nilikuwa Nkanka kwenye gusaba, binti wa binamu yangu anaposwa. Msemaji wa upande wetu, upande wa bibi harusi: Muhigirwa. Mdomo gani ule! Wageni wakaomba binti, akakataa. Akasema kijana wao hajui ng'ombe, amemwona kwa macho yake akimpigia ng'ombe hodi. Watu hoi! Msemaji wa wageni, mtu mzima, akajifuta jasho kwa tai. Wakaomba tena. Akakataa tena, kwa utamu zaidi.

Nikauliza huyu ni nani. Wakasema ni wakili, na kesi za familia ndiyo kazi yake. Tukapatana palepale, alipotoka kunywa maji. Uwimbabazi akanivuta koti: "Kaka, ngoja kwanza uone vile anamalizaka." Ningoje nini? Mwisho wa gusaba kila mtu anaujua. Nikaondoka kwenda kuandaa hoja.

Jumanne, 14 Oktoba

Tumekutana kwa Maître Thacienne, wakili wa Concessa, kujaribu kuelewana kabla ya korti. Muhigirwa akawaka! Akamuuliza Thacienne nani kampa ruhusa ya kuvunja nyumba ya watu asubuhi hivi, watu hawajanywa hata chai. Concessa akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba akicheka anafunika mdomo kwa mkono.

Halafu Muhigirwa akanyoosha koti lake, na sauti ikalainika. Sauti hiyo naijua. Ni ya upande unaotoa binti, mambo yanapofika mwisho. Akasema kwa kuwa mmeomba kwa adabu, sisi tunatoa. Akatoa kila kitu! Kwamba nilikosea. Kwamba mezani tutaongea kwa zamu. Kwamba nitaomba radhi.

Concessa hakumwangalia yeye. Aliniangalia mimi. Akasema: "Mimi sikatai kurudia nyumbani. Useme tu nisamehe. Neno moja, Papa Teta."

Chumba kizima kikaningoja. Nikasema: "Nisamehe, lakini..."

Hiyo lakini ilikuwa na sehemu tatu. Katikati ya pili, Concessa akachukua mkoba wake.

Alhamisi, 16 Oktoba

Muhigirwa amejitoa. Amesema kwa simu kwamba ameoza mabinti wengi, ila hajawahi kuona bwana harusi anayemfukuza bibi ambaye tayari amekubali. Maneno ya mtu dhaifu! Kesi inakwenda kortini. Kosa langu nimeligundua: nilichukua msemaji wa kutoa badala ya msemaji wa kuomba. Nasikia Bugarama yuko mmoja asiyejua kuachia kitu. Kesho nashuka huko.

Na nyinyi mawakili wa Rusizi, mtakaopishana na mke wangu kwenye ngazi za korti, nawataka jambo moja. Mkalisheni chini asikie sehemu ya tatu. Ndiyo ya kumsifu. Ni fupi sana. Utangulizi wake tu ndio mrefu.