Kiwavi Alivyonimeza Mbele za Watu

Gazeti lilifika kijiweni kabla kahawa haijachemka, na hapo ndipo balaa langu lilipoanzia. Kahawa ingewahi, midomo ya watu ingekuwa na kazi nyingine.

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa kinyozi. Kinyozi mwenyewe tunamwita Wembe, na si kwa ajili ya kazi tu. Ulimi wake nao unakata. Upande wa kulia hukaa Honi, dereva wa lori mstaafu, ambaye hata akikunong'oneza siri, mtaa wa pili wanaitikia. Kushoto hukaa Tanbihi wa duka la kurudufu karatasi, mtu asiyeweza kusikia habari bila kuongeza maelezo chini yake. Kahawa anauza Mama Birika, aliyetuzidi sote umri na akili. Mimi ni fundi wa kufuli, naitwa Funguo. Watu wakijifungia nje, mimi ndiye nawafungulia.

Asubuhi hiyo Tanbihi alifunua ukurasa wa ndani, akakohoa kama anayetaka kuhutubia.

"Sikilizeni hii. 'Mtu mzima anaswa ndani ya mchezo wa watoto. Zimamoto waitwa kumtoa.'"

"Mtu mzima?" Honi akanguruma. "Mzima wa mwili au wa akili?"

"Limeandika mzima tu."

"Basi limempendelea."

"Ni kwenye ile bustani ya michezo," Tanbihi akaendelea. "Kuna kiwavi mkubwa wa plastiki. Mtoto anaingilia mdomoni, anapita tumboni, anateleza kutokea mkiani. Jumamosi mwanamume mmoja kaingia, kakwama kwenye kona, dakika hamsini. Na niongezee: pale mlangoni pana kibao. Mwisho miaka sita."

"Huyo mwizi," Honi akasema. "Alikuwa anaficha kitu."

"Mwizi gani anajificha ndani ya kiwavi?" Wembe alijibu akiwa ndani, mashine ikiendelea kulia kichwani mwa mteja. "Huyo ni wale waliokosa utoto. Utoto usipoumaliza wakati wake, unakurudia una ndevu."

Nikaona nikinyamaza nitashukiwa. Nikapiga goti kwa kiganja. "Mpumbavu sana huyo! Watu wa namna hiyo wasiruhusiwe hata kupanda ngazi. Mtu ana mabega, ana tumbo, haoni?"

Mama Birika akageuza shingo polepole. "Leo una ukali gani, mwanangu? Mtu mwenyewe humjui."

"Simjui, Mama. Ila ananiudhi."

"Kuna picha," Tanbihi akasema.

Jasho likanitoka mgongoni.

"Uso hauonekani. Miguu tu, inaning'inia mdomoni mwa kiwavi kama tambi ambayo mlaji hajamaliza kuivuta. Viatu vya kahawia. Cha kushoto kina kamba nyeupe."

Ningetulia ningepona. Lakini mwili una akili zake: miguu yangu yote miwili ilirudi chini ya benchi kwa kishindo. Honi akaitazama picha, akainama, akachungulia.

"Funguo."

"Naam, kaka."

"Hebu nyoosha miguu."

"Inaniuma."

"Inauma kwa sababu umeikunja. Nyoosha!"

Nikanyoosha. Kamba nyeupe ikang'aa juani utadhani imefuliwa kwa ajili ya siku hiyo. Mashine ya Wembe ikazima. Akatoka mbio, na nyuma yake mteja, shuka shingoni, nusu ya kichwa ina nywele na nusu haina. Hakuna aliyetaka kupitwa.

"Funguo!" Wembe akashika kiuno. "Ni wewe uliyeliwa?"

"Ni mimi."

Hapo walicheka mpaka benchi likapiga kelele. Honi alichekea upande wa barabara, pikipiki ikasimama kumpisha. Nilingoja wamalize. Walipochoka, Mama Birika akanimiminia kikombe cha kwanza, akasema, "Haya, eleza. Aibu ukiila peke yako hukukaba."

Nikaeleza.

Mke wangu ni muuguzi. Jumamosi aliitwa kwenye mafunzo ya siku moja, na tangu binti yetu azaliwe, miaka miwili na miezi minane sasa, hajawahi kuniachia mtoto kutwa nzima. Akipangwa zamu, humpeleka kwa mama yake. Mimi nikavimba kichwa. Nikamwambia, "Niachie mwanangu. Mimi mtu mzima, yeye mtoto. Atanishinda nini?"

"Uliyasema hayo kwa mdomo wako?" Honi akauliza.

"Tena kwa sauti."

Aliniachia mkoba wenye nguo tatu za kubadilisha. Nikamwambia moja inatosha, nikazitoa mbili nikaweka bisibisi na spana zangu, maana fundi haachi vyombo. Tukaenda bustanini. Mlangoni watoto hupokelewa na mtu aliyevaa vazi la sungura, masikio hadi angani. Binti yangu alimtazama mara moja, akapanda mwilini mwangu kama mtu anayekimbia mafuriko, akakaa shingoni, akapiga yowe. Yule sungura, kwa wema wake, akazidi kusogea ili ambembeleze. Nikamkimbia. Mimi mwanamume wa miaka arobaini na moja, nimekimbizwa na sungura.

"Na wewe ulikuwa unamwogopa?" Tanbihi akauliza.

"Dakika za mwisho, ndiyo."

Tukapanda treni ndogo. Tumekaa, mkanda umefungwa, kengele imelia, treni imeng'oka. Ndipo mheshimiwa akanigeukia: "Baba, mkojo."

Nikamwambia, "Subiri kidogo, mama." Treni ikazunguka raundi ya kwanza, amevumilia. Raundi ya pili, ananiangalia kwa huruma. Raundi ya tatu, huruma ikaisha. Alikuwa mapajani mwangu.

Mama Birika akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Nguo ya kubadilisha ilikuwepo?"

"Ya kwake ilikuwepo, Mama. Nikambadilisha. Mimi nikabaki na bisibisi."

Basi mimi ni huyo, suruali imelowa mbele, natembea kwa kujikinga na mkoba. Nikaona kiwavi. Nikasema hapa ndipo penyewe: ataingia, atateleza, mimi nitakaa juani nikauke. Akaingia bila wasiwasi wowote, kanipungia mkono. Nikaenda mkiani kumpokea.

Hakutoka.

Wakatoka watoto wawili waliotangulia. Nikaita. Kimya. Nikachungulia mkiani, naona giza la kijani tu. Nikazunguka mdomoni, nikaita tena. Kimya. Jamani, msicheke hapa. Niliona mke wangu anarudi nyumbani, ananiuliza mtoto yuko wapi, na mimi sina cha kusema.

Hata Honi akanisogelea.

Nikaita mara ya tatu. Kutoka ndani, kwa mbali, kikasikika kisauti: "Sitaki."

"Hutaki nini, mama?"

"Sitaki toka."

Alikuwa amekaa kwenye kona ya tumbo, raha mustarehe. Nyuma yangu watoto wamepanga foleni wanasukumana, wazazi wananitazama. Binti mwenye filimbi anayesimamia pale akaniambia, "Baba, sisi haturuhusiwi kumtoa mtoto wa mtu. Mzazi ndiye anamfuata." Sikuuliza wazazi wengine hufanyaje. Sikusoma kibao. Nilipiga magoti, nikaingiza kichwa.

"Na mabega?" Wembe akauliza.

"Mabega yaliingia kwa ubishi. Tatizo ni mkanda wa suruali. Nilipofika kwenye kona, nikamwona amekaa. Kuniona tu, akacheka kwa furaha, akajisukuma, fyuu! Kateleza katoka. Na mimi nataka kurudi nyuma, mkanda umenasa kwenye nati. Mbele siendi, nyuma sirudi."

"Ungeufungua," akasema mteja mwenye nusu kichwa.

"Mikono ilikuwa mbele, ndugu yangu. Nilikuwa nimelala kama mtu anayepiga mbizi."

Tanbihi akatikisa kichwa. "Fundi wa kufungulia watu!"

"Yaseme yote, Tanbihi. Nimeshajisemea yote mle ndani."

Nikawaambia kwamba kukwama si kitu. Kitu ni kwamba mwanangu alikuwa nje, mimi niko ndani, simwoni. Watu wamejaa, wengine wanapiga picha miguu yangu. Nani kamshika? Nikapiga kelele, "Mshikeni mtoto! Wa gauni la njano!" Lakini mle ndani sauti yako inakurudia mwenyewe. Nje, baadaye nikaambiwa, walikuwa wanasikia "Uuu! Uuu!" na watoto wakapiga makofi, wakidhani ni kiwavi anayenguruma.

Nikiwa katika hali hiyo, nikasikia vishindo vidogo chini yangu, tap, tap. Mtu anapanda kutokea mkiani. Ule mteremko unateleza. Alipanda, akaporomoka, akapanda tena. Mara ya tatu kichwa kikatokea mbele ya pua yangu. Ni yeye. Akakaa kwenye kona yake ileile, akanishika sikio.

"Baba, cheza?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama. Tunacheza."

Yule wa filimbi alimwita, hakwenda. Wakamwita kwa pipi, hakwenda. Alikaa na mimi mpaka zimamoto wakafika. Walitaka kukata plastiki, mmoja wao akaingiza kichwa mkiani kunijulia hali, nikampigia kelele kutoka tumboni: "Msikate! Kuna mtoto! Hizo nati zinafunguka, chukueni spana namba kumi na tatu, iko kwenye mkoba wangu!" Nimefungua nyumba nyingi, kaka, lakini hiyo ndiyo siku niliyofunguliwa mimi. Wakamfungua kiwavi kiungo kwa kiungo, tukatolewa pamoja. Watu wakashangilia. Suruali ilikuwa imekauka.

"Na shemeji?" Wembe akauliza kwa sauti ya chini. "Anajua?"

"Alijua kabla hajavua viatu. Mtoto alimkimbilia mlangoni: 'Baba kaliwa na dudu!' Nikamweleza kila kitu. Akasema, 'Sawa.' Jumapili, 'Sawa.' Jana, 'Sawa.' Nawaambieni, yule hataniachia mtoto tena mpaka awe na wajukuu."

Sijafunga mdomo, nikamwona mke wangu anakuja kwa njia ya duka la vioo, amevaa sare za kazi, amemshika binti yetu mkono. Benchi zima likakaa vizuri.

"Shikamoo, Mama," akamwamkia Mama Birika. Kwetu akasema, "Hamjambo, shemeji zangu." Kisha akamnyanyua mtoto, akamkalisha mapajani mwangu, akatundika mkoba shingoni mwangu. "Mama yangu anaumwa mgongo. Nina zamu ya mchana. Akila, mlaze."

"Mimi?"

"Kwani baba yake ni nani, kiwavi?"

Watu wakaangalia chini, mabega yanacheza. Nikamnong'oneza, "Nilidhani hutaniamini tena. Mtu mwenye akili asingeingia mle."

"Mwenye akili asingeingia," akasema, bila kupunguza sauti. "Lakini mimi sikumtafutia mwanangu mtu mwenye akili. Nilimtafutia baba." Akanyoosha kola yangu, akaenda zake.

Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi nilipumua hadi chini. Nikawatazama wote, kifua mbele. Mambo yalikuwa yamekwisha vizuri, na yangeishia hapo kama Honi angekuwa mtu wa kuacha mambo yaishe. Akamwinamia mtoto, sauti ameishusha mpaka kiwango cha mtu wa kawaida.

"Mama, hebu mwambie babu. Baba yako alifanya nini ndani ya dudu?"

"Alilia," binti yangu akasema.

Nikakohoa. "Mtoto huyu bado anachanganya maneno."

"Alilia kidogo au sana?"

Hakujibu kwa neno. Alifumba macho, akapanua mdomo, akaangusha kilio kirefu, chenye kwikwi katikati na kamasi mwishoni, kilio nilichokijua vizuri kwa sababu kilikuwa changu. Kisha akafumbua macho, akanipapasa shavu mbele ya halaiki.

"Nikamwambia nyamaza, Baba. Dudu hana meno."

Kijiwe kilivunjika palepale. Honi aliondoka ameshika ukuta, kicheko chake kikatangulia mtaa wa pili. Tanbihi alisahau gazeti. Wembe alimrudisha mteja ndani, tukasikia mashine inawaka, inazimika, inawaka tena, maana mwenyewe alikuwa bado anacheka, na mteja anamsihi angoje kwanza amalize kucheka.